Mashine Ikiamka, Inauliza Nini Kwanza?

Watu wengi wanadhani kompyuta ikizimwa jioni na kuwashwa asubuhi inaendelea pale ilipoishia. Sivyo. Ikizimwa, yote iliyokuwa nayo kichwani yanapotea, yanabaki yale tu yaliyoandikwa kwenye kadi au diski. Asubuhi inaanza upya kabisa. Na kila programu inayokaa kwenye seva, hizi ambazo sisi tunazifungua kwa simu kama ukurasa wa wavuti, ina amri zake za kuamkia. Kabla mtu yeyote hajaingia, programu inazisoma amri hizo na kuzitekeleza: fungua hifadhidata, angalia mipangilio, tayarisha kazi za leo. Wenye kuandika programu wanaita hiyo kodi ya kuanzia. Si kodi ya nyumba wala ya soko, ni maandishi ya kuiamrisha kompyuta.

Naandika juu ya amri hizi kwa sababu hapa Butihinda zilikaribia kuwanyima watu 19 vifaa vyao vya kazi. Na wawili zilishawanyima.

Nijitambulishe kidogo. Mimi nafanya kazi na vijana katika kituo kimoja hapa Butihinda, Muyinga. Najua kwenye ramani mpya ya mwaka 2025 tumewekwa jimbo la Buhumuza, lakini mdomoni bado ni Muyinga. Nilivuka kwenda Tanzania mwaka 2015 na wazazi wangu, tukafikia Nyarugusu, nikasoma sekondari humo humo kambini. Darasani tulisoma Kifaransa kwa mtaala wa Burundi, Kiswahili nikakiokota sokoni na kwa jirani zetu Wakongomani, waliokuwa Nyarugusu tangu 1996. Kwa hiyo mkiona Kiswahili changu kina matope ya Kigoma na vumbi la Kivu, mnivumilie. Kompyuta sikuzisomea chuo. Nilipata mafunzo mafupi Gitega, mengine nimeyapata kwa kusoma na kwa kuuliza. Nyie mlioko kambini mna mashine kama hizi pia, ndiyo maana nataka tuongee.

Seva yetu ni Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo kinachoweza kuenea kiganjani. Hakihitaji umeme mwingi, kwa hiyo sola inakitosha. Kinatoa Wi-Fi yake chenyewe, vijana wanaunganisha simu, wanafungua programu ya mahudhurio hata kama intaneti haipo. Kila asubuhi mwalimu wa cherehani, wa useremala, wa kusoma na kuandika, anafungua orodha ya leo na kuweka alama. Mwisho wa mafunzo shirika linalofadhili linatazama ripoti. Aliyehudhuria robo tatu ya siku anapewa vifaa: wa cherehani anapata cherehani. Aliye chini ya hapo anapewa karatasi ya kushiriki, basi.

Mafunzo ya cherehani yalikuwa ya wiki 8, siku 40. Ripoti ilipotoka, kundi zima la watu 19 lilionyesha siku 16, yaani asilimia 40. Ofisini ikasemwa kwamba hawa waliorudi kutoka Tanzania wanapenda kujiandikisha ila kuhudhuria hawataki. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu.

Siku iliyofuata dada mmoja alinijia, mtoto mgongoni. Akaniambia: "Kaka, mimi nimekosa siku mbili tu, mtoto alipokuwa na malaria. Hizo nyingine nilikuwa wapi?"

Mimi huwa nina daftari. Ni tabia niliyotoka nayo kambini: chochote kinachohusu jina la mtu nakiandika pia kwenye karatasi, na mwenyewe anatia sahihi au dole gumba. Nikafungua. Dada yule alikuwa na siku 38. Nikaangalia wengine, hakuna hata mmoja aliyekuwa chini ya 30. Lakini mashine iliwapa wote 16, sawasawa kama waliokatwa na mkasi mmoja. Hapo ndipo nilipoona kwamba tatizo si watu. Watu 19 hawawezi kukosa siku zilezile.

Nikakaa na ripoti nikitazama siku zenyewe. Kila wiki ilikuwa na Jumatatu na Jumanne. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa zilikuwa tupu. Wiki zote 8. Mbili mara nane ni 16.

Sababu yake ni hii, na naomba mnifuate polepole.

Raspberry Pi tuliyo nayo haina saa yenye betri ndani. Simu yako au laptopu ina betri inayoshika saa hata ikizimwa. Hii yetu haina. Ikiwa na intaneti, inauliza saa huko nje na kujirekebisha. Ikiwa haina, inafanya kitu kimoja tu: inasoma saa iliyojiandikia ilipokuwa inazimwa, na kuendelea kuanzia hapo. Yaani kwake usiku haupo. Ukiizima Jumatatu alasiri na kuiwasha Jumanne asubuhi, inaamini bado ni Jumatatu alasiri.

Sisi modemu tulikuwa tunaiwasha Jumatatu tu, kwa sababu bando ni ghali na ndiyo siku ya kutuma taarifa. Mashine ilikaa macho saa 8 kwa siku, kuanzia saa 1 na nusu asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri. Sasa hesabu. Jumatatu tarehe iko sawa. Jumanne inaamka ikidhani ni Jumatatu saa 9 na nusu alasiri. Inafanya kazi saa 8, inazimwa ikidhani ni Jumatatu saa 5 na nusu usiku. Jumatano inaamka hapo hapo: bado Jumatatu. Inazimwa ikidhani ni Jumanne asubuhi. Alhamisi inaamka: Jumanne. Ijumaa inaamka: Jumanne alasiri. Siku tano za watu zikawa siku mbili za mashine.

Na amri ya kuamkia ilikuwa ikisema hivi: ukiamka, tazama tarehe, kama orodha ya leo haipo itengeneze, kama ipo itumie. Kwa hiyo Jumanne na Jumatano mwalimu alikuwa anaweka alama kwenye orodha ya Jumatatu bila kujua. Alama tayari ipo, mashine inapokea kimya kimya, haikatai, hailii. Alhamisi na Ijumaa ziliangukia Jumanne. Wiki iliyofuata modemu inawashwa kabla ya mashine, tarehe inaruka mpaka ya kweli, na ripoti inahesabu siku tatu ambazo hazina orodha kama siku za utoro.

Angalieni kwamba amri ile haikuwa ya kijinga. Iliuliza kabla ya kutengeneza, na hilo ni jambo zuri. Shida ni kwamba iliuliza swali lake kwa saa ambayo haijui usiku, tena iliuliza mara moja tu, wakati wa kuamka, halafu ikafunga tarehe hiyo kwa siku nzima.

Tulimpigia simu kijana aliyeiandika programu. Hakubishana. Alituagiza kichipu kidogo cha saa chenye betri bapa ya mviringo, aina ya DS3231, kinachopachikwa juu ya Raspberry Pi. Kuanzia hapo mashine ikaanza kujua usiku. (Raspberry Pi 5 ina saa yake tayari, ila betri yake unainunua peke yake. Usiponunua, uko palepale.)

Katika ziara hiyo hiyo tulimlalamikia pia kwamba programu ni nzito watu wengi wakiingia pamoja. Akaongeza watumishi. Niwaeleze: programu za Python kama yetu, iliyojengwa kwa Django, mara nyingi zinaendeshwa na kitu kama Gunicorn, ambacho kinaweza kuamsha nakala kadhaa za programu ileile ili wageni wasipange foleni moja. Kila nakala ni mtumishi. Tulikuwa na mmoja, tukawa na watatu. Kasi ikaja kweli.

Lakini kila mtumishi anasoma amri za kuamkia kivyake. Asubuhi wote watatu wanaamka pamoja, wote watatu wanauliza kwa wakati mmoja: orodha ya leo ipo? Wote wanaona haipo. Wote wanatengeneza. Ni kama watoto watatu waliotumwa chumvi na mama, shangazi na bibi, kila mmoja amechungulia kopo akaona tupu, wote wanarudi na pakiti. Kuuliza waliuliza. Ila waliuliza pamoja.

Mwezi ule kila kundi likawa na orodha tatu za siku moja. Walimu wengine walichagua moja. Mwalimu wa useremala, kwa kuogopa yasije yakatokea ya cherehani, akaweka alama kwenye zote tatu. Mwezi ulikuwa na siku 20 za mafunzo, mafundi wake wakaonekana siku 60. Ofisini safari hii hawakusema tuna uvivu. Walisema tunadanganya.

Hapo nilielewa kitu ambacho nataka wafanyakazi wa mashirika wakisikie vizuri. Mtu akiwa maskini na mashine ikakosea, kosa linampata yeye, upande wowote litakaloangukia. Siku zikipungua, ni mtoro. Zikizidi, ni mwizi. Hakuna aliyeanza kwa kusema, hebu tuitazame mashine.

Marekebisho ya mwisho yalikuwa matatu, nayaandika kwa sababu yanaweza kusaidia kituo kingine.

La kwanza: kuuliza peke yake hakutoshi, hifadhidata yenyewe lazima ikatae. Unaiambia: kundi moja, tarehe moja, orodha moja, mwiko kuwa na mbili. Hapo hata watumishi kumi wakija pamoja, wa kwanza anaandika, wengine wanakataliwa na kuambiwa watumie iliyopo. Hata SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja tunayotumia sisi, inajua kuweka mwiko huo.

La pili: kazi ya kutengeneza orodha iliondolewa kwenye kuamka. Sasa orodha inatengenezwa pale mwalimu anapofungua daftari la siku, na mashine inamwonyesha tarehe kwa herufi kubwa na kumuuliza: ni kweli? Mtu anajua kama leo ni soko au ni Jumapili. Mashine haijui.

La tatu: kilichobaki kwenye kuamka ni yale tu ambayo hayana madhara hata yakirudiwa mara mia. Kufungua hifadhidata, kusoma mipangilio, kukagua kama saa inakwenda mbele, na kama inaonyesha nyuma ya alama ya mwisho iliyoandikwa, kukataa kufungua mpaka mtu aje.

Hili la kurudiwa ndilo moyo wa somo zima. Anayeandika amri za kuamkia anadhani zitakimbia mara moja. Hazikimbii mara moja. Umeme ukikatika zinakimbia tena. Watumishi wakiwa watatu zinakimbia mara tatu. Kwenye seva za Microsoft zinazotumia IIS, programu ikikaa dakika 20 bila mgeni hulazwa usingizi kama mpangilio wake haujabadilishwa, na mgeni akija inaamshwa na amri zake zinaanza upya. Hapo hata umeme haujakatika. Kwa hiyo kila amri ya kuamkia iandikwe kama vile itasomwa kila saa.

Programu kubwa tunazozitegemea zinafanya hivyo. DHIS2, ambayo ilianza katika kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na wenzake wa Afrika Kusini, ndiyo inayobeba takwimu za afya za nchi nyingi. Kenya iliisambaza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, na sisi Burundi tunaitumia pia. Kila seva yake inapoamka inapitia mlolongo wa kazi za kuanzia: inaangalia kama muundo wa hifadhidata umepitwa na wakati na kuusasisha, inaangalia kama aina za vipindi, wiki, mwezi, robo mwaka, zimo, na kama kuna kisichokuwepo inakiweka. Ikikuta hakuna mtumiaji hata mmoja, inatengeneza wa kwanza, msimamizi, na nywila yake inajulikana dunia nzima kwa sababu iko kwenye maelezo ya programu. Hii inamfaa anayeanza, ila asipoibadilisha siku hiyohiyo ameacha mlango wazi.

Kolibri nayo, maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti ambayo vijana wa Kakuma kule Kenya wanaitumia, ikiwashwa inalinganisha toleo lake na toleo lililokuwepo jana. Kama limebadilika, inasasisha hifadhidata kabla ya kumfungulia mwanafunzi. Ndiyo maana siku ya kusasisha inachelewa kuamka. Jamani, msiizime kwa kudhani imekufa. Iacheni imalize.

Sasa turudi kwa watu, kwa sababu mimi kazi yangu ni watu.

Sisi tuliopita kambini tunajua kuandikishwa. Nimeandikishwa mpakani, nimeandikishwa Nyarugusu, nimehakikiwa, nimepigwa picha, nimewekwa vidole kwenye mashine, nimeandikishwa kurudi, nimeandikishwa kilimani. Kila ofisi mpya ikifunguliwa, kila mradi mpya ukianza, tunaitwa tena: jina, baba, mama, ulizaliwa wapi. Mara nyingi mradi unaanza kama ile mashine yetu, bila kujua kwamba kulikuwa na usiku. Haujui kwamba huyu alishamaliza mafunzo ya mwanzo Nduta, kwamba yule alikuwa mwalimu Mtendeli kabla haijafungwa, kwamba mama huyu ana cheti chake ndani ya plastiki chini ya godoro. Unatengeneza orodha mpya juu ya orodha ya zamani. Na miradi mitatu ikija pamoja, kila mmoja anauliza kivyake, kila mmoja anaona kopo tupu, na mtu mmoja anakuwa watu watatu. Halafu siku ya kuhakiki anaulizwa kwa nini jina lake liko mara tatu.

Sisemi kujiandikisha ni kubaya. Bila orodha hakuna mgao, na mwenye sauti kubwa ndiye angekula. Nasema anayeanzisha kitu ana wajibu kabla ya kufungua mlango: aulize nini kimekwisha kuwepo, amuulize anayejua, na aweke mwiko unaozuia madhara hata kama yeye mwenyewe atasahau.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mashirika, mkileta programu kwenye kituo, muulizeni fundi maswali haya manne kabla ya kusaini. Umeme ukikatika mara tano kwa siku, ni nini kinaandikwa mara tano? Bila intaneti wiki nzima, mashine inajuaje tarehe? Nakala mbili zikiamka pamoja, nani anamzuia mwenzake? Na karatasi ikipingana na mashine, tunasikiliza nini kwanza? Hili la nne si la fundi, ni lenu.

Nanyi vijana wenzangu kambini, mkipewa kazi ya kutunza mashine msiogope kwamba hamkwenda chuo. Kilichonisaidia mimi si kujua Python. Ni kuona kwamba namba ya watu 19 haiwezi kulingana hivyo, na kuwa na daftari lenye dole gumba. Andikeni. Tarehe, jina, sahihi. Mashine inamalizia pale ulipoanzia wewe.

Ofisi iliyakubali madaftari baada ya wiki 5 za kwenda na kurudi. Nasema wazi kwamba waliyasoma ukurasa kwa ukurasa na kusahihisha ripoti, nawashukuru. Watu 17 walipata cherehani zao. Dada yule sasa anashona sare za shule na mtoto ameanza kutembea.

Wale wawili hawakuwepo. Waliposikia asilimia 40, waliona hakuna cha kungoja. Walipita Kobero na kuvuka tena kuelekea Kabanga, kwenda kutafuta vibarua Tanzania. Simu zao hazipatikani. Cherehani mbili ziko stoo ya kituo, zimefunikwa kitambaa, na majina yao bado yameandikwa juu. Kama mnasoma hapa na mnajijua, siku zenu zilihesabiwa. Mmoja 36, mwingine 33. Njooni mchukue.